Heroe wa Mbao Anayeinama: Maswali kwa Fundi

Fundi, nataka kutengeneza sanamu ya mbao inayosogea. Nianzie wapi?

Anza na mwendo, mtambo utafuata. Sanaa hii ni kongwe, Al-Jazari aliiandikia kitabu mwaka 1206, lakini aliyewahi kusukuma kigari cha waya chenye usukani mrefu ameshaijua nusu yake. Kwa sisi wa Nakuru sioni mwalimu bora kuliko heroe. Mtazame ziwani kwetu, au Bogoria. Heroe mdogo hula kichwa kikiwa kimepinduliwa majini, akichuja mwani kwa mdomo. Mtazame hadi ujue shingo inakunjikia wapi.

Shingo hiyo nitaiinamishaje?

Kwa kamu, ndugu ya ile inayofungua vali za injini ya gari. Kata duara la plaiwudi, kisha toboa tundu la ekseli milimita 8 kando ya kitovu. Ukizungusha mpini, kijiti kinachokalia duara hilo kitapanda na kushuka milimita 16.

Shingo iwe wenzo. Kijiti kiusukume upande wa mkia, milimita 20 nyuma ya egemeo. Kichwa kikiwa milimita 100 mbele ya egemeo, kitasafiri karibu milimita 80, na huko ndiko kuinama kwenyewe. Hapa wengi hukosea: kichwa kikiwa kizito, kijiti kinaachana na kamu na ndege anabaki ameinama. Uzito wa mkiani uzidi ule wa kichwa zaidi ya mara tano, kwa sababu uko karibu na egemeo. Gundisha nati za chuma mkiani, na kichwa ukichonge chembamba uwezavyo.

Ukitaka ashuke polepole kisha ainuke ghafla, kata kamu yenye umbo la konokono. Hiyo huzungushwa upande mmoja tu. Ukiirudisha nyuma itakwama au itavunja kijiti.

Yote haya yajaribu kwanza kwa kadibodi na pini.

Nitumie mbao gani?

Saiprasi ya Elburgon na Molo hupatikana kwa urahisi na hailemei patasi, ila mara nyingi huuzwa ikiwa mbichi. Ipime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, imekauka. Mtarakwa unanukia vizuri mno, lakini hupasuka ukipigiliwa msumari. Kamu usikate kwenye ubao mzima: ubao husinyaa kukatiza nyuzi zake, na duara lako litakuwa yai. Kwa viungo vyembamba, spoku kuukuu za baiskeli zinatosha kabisa.

Yangu ilizunguka vizuri Februari, sasa mvua imeanza na imekwama.

Mbao imevimba kwa unyevu. Ekseli ya milimita 8 ipe tundu la milimita 8.5, upitishe msasa, kisha paka nta ya mshumaa. Mafuta ya mashine usitie, yanashika vumbi, na kiangazi chetu kina vumbi jingi.

Sanduku la mtambo nilifunike?

Hapana, tafadhali. Acha upande mmoja wazi. Watoto hasa huinama kutazama kamu, na hapo ndipo wanapoelewa. Rangi ya waridi ipake mwisho kabisa, mbali na egemeo. Tone moja likikaukia hapo, shingo haigeuki tena.