Rejista za Kanisa la Uskoti: Jinsi ya Kutafuta Ukoo Uliosahaulika



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu wa kikundi anaujua ukweli wa neno hili kila anapofungua kitabu cha michango. Lakini si mali peke yake inayopotea. Hata watu hupotea. Mtu akifa na jina lake halikuandikwa mahali, na wale waliomjua nao wakafa, vitukuu hawatajua kama aliwahi kuishi.

Somo letu la leo linatupeleka Uskoti, nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Britania. Si nchi ngeni kwetu kabisa. Ndiko walikotoka wamishonari waliofanya kazi Kikuyu na Tumutumu, na jina la Thogoto latokana na namna wenyeji walivyolitamka jina la hao Waskoti. Huko kwao majina ya watu yaliandikwa na kanisa kwa miaka 300, na leo watu wa nchi nyingi huzisoma rejista hizo kutafuta mababu zao. Hebu tuone kazi hiyo inafanywa namna gani. Tuone pia ni akina nani ambao kitabu kiliwaacha nje, maana hapo ndipo penye funzo kubwa.

1. REJISTA HIZI ZILITOKA WAPI?

Mwaka 1552 viongozi wa kanisa la Uskoti, ambalo wakati huo lilikuwa bado la Kikatoliki, waliamuru kila parokia iandike ubatizo na matangazo ya ndoa. Rejista ya zamani kabisa iliyobaki ni ya parokia ya Errol, na inaanza mwaka 1553. Nchi ilipofuata Uprotestanti mwaka 1560, kazi iliendelea mikononi mwa Kanisa la Uskoti. Mwaka 1616 ikabidi amri itolewe tena.

Kwa nini amri irudiwe? Kwa sababu kutoa amri ni jambo moja na kutii ni jambo lingine. Parokia nyingi zilichelewa. Huko milimani kaskazini na katika visiwa vya magharibi, nyingine hazikuanza kuandika mpaka miaka ya 1700, na nyingine baadaye zaidi.

Mwandishi alikuwa karani wa baraza la wazee wa kanisa, na mara nyingi karani huyo ndiye alikuwa mwalimu wa shule. Akiwa mwangalifu, aliandika jina la mtoto, baba, mama, shamba walikoishi na mashahidi. Akiwa mvivu, aliandika jina la baba tu, au akaacha miaka kadhaa ipite bila neno. Vimebaki vitabu kama 3,500 kutoka parokia zaidi ya 900. Vinaishia mwaka 1854 na vinatunzwa katika hifadhi ya taifa mjini Edinburgh.

2. ANZA NA WALIO HAI

Mtu anayetafuta ukoo wake haanzi na kitabu cha zamani. Anaanza na nyanya, mjomba, shangazi. Anauliza: Babu aliitwa nani? Alizaliwa wapi? Mama yake alitoka kwa nani? Anaandika yote, hata yale yasiyopatana. Halafu anarudi nyuma kizazi kimoja kimoja, kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Ukiruka kizazi kimoja, unaweza kupanda juu ya ukoo wa jirani ukidhani ni wako.

3. MLANGO WA MWAKA 1855

Tarehe 1 Januari 1855 serikali ilichukua kazi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo. Tangu hapo ikawa ni sheria kwa kila mtu, awe wa kanisa gani, au asiwe na kanisa. Kwa mtafutaji, huu ndio mlango wa kuingilia katika rejista za zamani.

Jambo zuri sana ni cheti cha kifo. Huko Uskoti cheti hicho hutaja baba na mama wa marehemu, pamoja na jina la mama kabla hajaolewa. Tuseme mwanamke alikufa mwaka 1862 akiwa na miaka 80. Basi alizaliwa karibu mwaka 1782, na cheti chake kinakupa majina ya wazazi walioishi miaka 70 au zaidi kabla serikali haijaanza kuandika. Kwa hiyo kifo cha mzee kinakurudisha nyuma kuliko ndoa ya kijana.

Lakini angalia ni nani aliyepeleka habari kwa mwandikishaji. Kama ni mkwe, huenda hakuwajua wakwe za zamani. Habari ni nzuri sawasawa na yule aliyeitoa.

Mwaka huo wa 1855 peke yake maswali yalikuwa mengi zaidi. Cheti cha kuzaliwa kilitaja umri wa wazazi, walikozaliwa, walipooana na watoto wengine waliokuwa nao. Cheti cha kifo kiliorodhesha watoto wa marehemu. Makarani walilemewa, na mwaka 1856 maswali mengi yakaondolewa. Aliye na ndugu aliyeandikwa mwaka huo amepata bahati.

Tena kuna hesabu ya watu, inayofanywa kila miaka kumi. Kuanzia mwaka 1841 majina ya watu wa kila nyumba yameandikwa. Orodha hizo hufungwa kwa miaka 100, kwa hiyo ile ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Ukitumia ile ya 1841 kumbuka kwamba umri wa watu wazima ulipunguzwa mpaka kwenye tano ya karibu: mtu wa miaka 38 aliandikwa 35.

Siku hizi si lazima kusafiri mpaka Edinburgh. Rejista zimepigwa picha na zipo katika tovuti ya serikali iitwayo ScotlandsPeople. Hata kijana kwenye saiba ya sokoni anaweza kukufungulia. Kutafuta jina katika orodha ni bure. Kuuona ukurasa wa rejista yenyewe ndiko kunakolipiwa, kwa hiyo uliza maswali yako nyumbani kwanza kabla hujatoa pesa.

4. JINA MOJA, WATU WENGI

Waskoti wa zamani walikuwa na desturi ambayo msomaji wa Nyeri au Kiambu ataitambua mara moja. Mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa jina la baba ya baba. Wa pili, jina la baba ya mama. Wa tatu, jina la baba mwenyewe. Kwa wasichana, wa kwanza mara nyingi aliitwa jina la mama ya mama, na wa pili jina la mama ya baba. Hapo wanatofautiana na Wakikuyu, ambao msichana wa kwanza humpa jina la nyanya wa upande wa baba.

Desturi hii inasaidia. Ukiyajua majina ya watoto kwa mpangilio, unaweza kukisia majina ya babu na nyanya. Lakini inaleta shida pia. Mzee John akiwa na wana watano, na kila mmoja akimwita mwanawe wa kwanza John, utakuta akina John watano wa ukoo mmoja katika parokia moja. Utawatenganisha vipi? Kwa mambo mawili: jina la shamba, na jina la mama. Mwanamke wa Uskoti hakupoteza jina la kwao alipoolewa. Karani aliendelea kuliandika, mara nyingi mpaka kaburini. Kwa hiyo jina la mama ndilo ufunguo, na karani aliyeliacha aliwafungia mlango wote waliokuja baadaye.

Hata tahajia inabadilika. Karani aliandika alivyosikia. David Livingstone, yule msafiri tunayemsoma shuleni, kwa miaka mingi alitia sahihi bila herufi "e" ya mwisho. Ukitafuta jina kwa namna moja tu, utakosa.

5. WALE AMBAO HAWAMO

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mtu anatafuta jina katika rejista ya parokia, hapati. Anafunga kitabu na kusema, "Basi, hawakuishi hapa." Amekosea. Kuna sababu nyingi za jina kukosekana.

Ya kwanza ni pesa. Karani alitoza ada ya kuandika. Kisha mwaka 1783 serikali ikaweka kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa na mazishi yaliyoandikwa. Maskini wa kusaidiwa hawakutozwa, lakini wale wa katikati, wenye chakula lakini hawana akiba, wengi walinyamaza wasiandikishe. Kodi iliondolewa mwaka 1794. Watoto wengi wa miaka hiyo kumi na moja walizaliwa, wakakua, wakafa, na rejista haiwajui.

Ya pili ni kugawanyika kwa makanisa. Wengine walijitenga mwaka 1733, wengine mwaka 1761. Mwaka 1843 zaidi ya theluthi moja ya wachungaji walitoka pamoja na Thomas Chalmers wakaanzisha Kanisa Huru. Watoto wao walibatizwa kwingine, na jina likabaki katika kitabu kingine, au katika kitabu kilichopotea.

Ya tatu ni ndoa. Mpaka mwaka 1940, sheria ya Uskoti ilikubali mwanamume na mwanamke kuoana kwa kukubaliana wenyewe, bila mchungaji. Walikuwa mume na mke halali, lakini rejista ya ndoa haina habari zao.

Ya nne ni mazishi. Parokia nyingi hazikuandika waliokufa kabisa. Mahali pengine kilichobaki ni hesabu ya pesa tu: fulani amelipa kukodi kitambaa cheusi cha kanisa cha kufunikia jeneza. Asiyeweza kukodi, hata hiyo hesabu hayumo.

6. KITABU CHA WAZEE

Hata hivyo, mtafutaji asikate tamaa. Kuna kitabu kingine, nacho ni kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Wazee hao walisimamia nidhamu na pia sanduku la maskini. Kwa hiyo wale waliokosekana katika rejista mara nyingi wanaonekana hapa: mjane aliyepewa unga, yatima aliyenunuliwa viatu, msichana aliyeulizwa baba ya mtoto wake ni nani, mume na mke waliotozwa faini kwa kuoana bila mchungaji.

Wakubwa pia walifikishwa mbele ya wazee. Robert Burns, mshairi anayependwa kuliko wote Uskoti, alikemewa mbele ya kanisa la Mauchline mwaka 1786 kwa sababu Jean Armour alishika mimba yake.

Kumbukumbu hizi zilianza kuonekana katika tovuti ile ile mwaka 2021. Nyingi hazina orodha ya majina, kwa hiyo inabidi kufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya subira. Na ukikuta aibu ya nyanya yako humo, usiifiche wala usiitangaze sokoni. Yule aliyeandikwa kwa aibu angalau amejulikana.

7. NA WALE WA MDOMO TU?

Turudi kwa Livingstone. Babu yake alitoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi, akahamia Blantyre kwenye kiwanda cha pamba. Katika kitabu chake cha mwaka 1857, Livingstone alieleza kwamba mzee huyo aliweza kusimulia habari za mababu zake mpaka kizazi cha sita. Hakuzitoa katika rejista. Alizipokea kwa mdomo, kama wazee wetu wanavyozipokea.

Basi tusidharau neno la mdomo, wala tusilitegemee peke yake. Mzee anajua mambo ambayo karani hakuuliza. Karani anashika tarehe ambayo mzee ameisahau. Vikikutana viwili hivi, ukoo unasimama.

8. KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama afanye haya:

(a) Amtembelee mtu mzee kuliko wote katika jamaa yake. Aandike majina ya wazazi wake, babu na nyanya zake, pande zote mbili.

(b) Kwa kila mwanamke, aandike jina la baba yake na mahali alikotoka, si "mke wa fulani" tu.

(c) Aandike ni nani aliyetoa habari, na tarehe aliyoitoa.

(d) Aandike pia watoto waliokufa wadogo. Nao walikuwa watu wa nyumba hiyo.

Katibu naye afungue rejista ya wanachama aone kama ina nafasi ya jina la mama na mahali pa kuzaliwa. Kama haina, aongeze mistari miwili.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kodi ya peni tatu iliwafuta watu wengi katika rejista. Je, katika kikundi chetu kuna ada inayofanya mtu aogope kuandikwa?

2. Ni akina nani katika kijiji chetu ambao hakuna kitabu kinachowataja: si cha kanisa, si cha chifu, si cha kikundi?

3. Jina likikosekana katika kitabu, je, tumewahi kumnyima mtu haki yake kwa sababu hiyo tu? Tungemuuliza nani mwingine kwanza?

4. Mwanachama akifa leo, ni nani angeweza kutaja majina ya wazazi wake wote wawili bila kukosea?