Sokoni, Saa Kumi na Moja

JUMANNE

Soma Mathayo 20:1-9. Watu waliokutwa sokoni jioni walitoa sababu gani ya kukaa bila kazi? Mwenye shamba aliwatendeaje?

Kijana amemaliza chuo. Mwaka wa kwanza anazunguka na bahasha ya vyeti akiwa na tumaini, maana tangu utotoni amefundishwa kwamba mwenye bidii hulipwa. Kufikia mwaka wa tatu, imani hiyo hiyo imemgeuka. Ikiwa kila mtu hupata anachostahili, naye hajapata kitu, basi lazima ana kasoro. Anakosa usingizi, anawakwepa marafiki, hata Sabato anabaki nyumbani, kwa kuwa kanisani hakosi wa kumwuliza, "Bado tu?"

Mwanasaikolojia Melvin Lerner aliieleza imani hii katika kitabu alichochapisha mwaka 1980. Watu hutamani sana kuamini kwamba ulimwengu una haki, kiasi kwamba wakimwona anayeteseka bila kosa, mara nyingi humtafutia kosa. Wachunguzi waliomfuata wameona pia kwamba anayeamini kuwa maisha humtendea haki kwa kawaida huwa na utulivu zaidi moyoni. Hivyo imani hiyo yaweza kuwa fimbo ya kuegemea, au fimbo ya kujichapia.

Marafiki wa Ayubu walimchapa kwa fimbo hiyo. Siku 7 waliketi naye kimya (Ayubu 2:13), na huo ndio ulikuwa msaada wao bora. Walipofungua vinywa, walimtafutia dhambi (Ayubu 4:7, 8). Mwishoni Mungu aliwakemea (Ayubu 42:7).

Katika mfano wa Yesu, watu wa saa kumi na moja hawakuitwa wavivu. Mwenye shamba aliyakubali maelezo yao, akawapa kazi ingawa ilibaki saa moja tu, kisha akawalipa dinari, ujira wa siku nzima. Watoto wa aliyeajiriwa jioni huona njaa kama watoto wa aliyeajiriwa alfajiri. Mungu hutazama mahitaji ya mtu, wala hapimi thamani yake kwa saa alizofanya kazi.

Kijana aliyelemewa anahitaji maombi, mtu wa kumsikiliza, na pengine mshauri au daktari. Hahitaji kuhukumiwa.

Tafakari: Katika darasa lenu, ni nani bado yuko "sokoni"? Mara ya mwisho ulipozungumza naye, ulikuwa kama marafiki wa Ayubu au kama mwenye shamba? Juma hili utamtendea nini?