Dondoo Muhimu: Majira ya Joto Yanapoanza kwa Mvua na Radi

Mei hadi Julai 2007, England na Wales zilipata mvua nyingi kuliko kipindi kama hicho katika mwaka wowote tangu vipimo vilipoanza mwaka 1766, kwa kuwa mkondo wa kasi, yaani upepo mkali uvumao juu sana angani kutoka magharibi, ulibaki kusini kuliko kawaida na kuvuta huko mifumo ya kanieneo ndogo, ambayo huleta mawingu na dhoruba. Hali hiyo ikitokea, inafaa kuzingatia yafuatayo:

• Ngurumo inaposikika, watu waingie katika jengo imara au gari lililofungwa, na wasitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho, kwani radi hupiga hata pasiponyesha.

• Maji ya mafuriko yasivukwe, kwa sababu kina cha sentimita 30 tu cha maji yaendayo kasi huweza kusomba gari dogo.

• Mifereji ya paa izibuliwe mapema, kabla mvua kubwa haijaanza.

• Nyumba iliyoingiwa na maji ipitishwe hewa ili kuvu isiote ukutani, na umeme usiwashwe mpaka fundi aukague.