Mfahamu Mamba wa Mto Rufiji na Namna ya Kujikinga Naye

Wakazi wa kata zilizo kandokando ya Mto Rufiji huutegemea mto huo kwa maji ya nyumbani, uvuvi na kilimo. Katika maji hayo hayo huishi mamba, na hatari yake huongezeka kadiri anavyokua.

Ukubwa wake
Mamba huanguliwa akiwa na urefu wa sentimita 30 hivi. Dume aliyekomaa kwa kawaida hufikia mita 3.5 hadi 5 na uzito wa mamia ya kilo. Jike huwa mdogo zaidi, lakini huwa mkali mno anapolinda mayai yake aliyoyafukia ukingoni.

Chakula chake
Mamba mchanga hula wadudu, vyura na samaki wadogo. Akikua, samaki huwa sehemu kubwa ya chakula chake. Anapozidi mita 3 huweza kukamata swala, mbuzi, ng'ombe na hata binadamu. Hana meno ya kutafunia. Humburuta mnyama majini, humzamisha, kisha hujiviringisha kwa nguvu ili kunyofoa nyama. Mamba mkubwa huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, hivyo anaweza kuotea kwa subira.

Hatari yake
Macho na matundu ya pua ya mamba yako juu ya kichwa. Kwa hiyo huona na kupumua huku mwili umezama. Aidha, huweza kukaa chini ya maji kwa nusu saa au zaidi. Maji yaliyotulia si ushahidi kwamba ni salama. Mahali panapochotwa maji kila siku, saa ile ile, ndipo mamba huzoea kuotea. Wakati wa mafuriko huingia hata kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga, na maji yakipungua huenda akabaki humo.

Tahadhari
1. Maji yachotwe kisimani au bombani panapowezekana.
2. Pasipo na njia nyingine, wanakijiji washirikiane kujenga kizimba cha nguzo na wavu imara, na uchotaji ufanyike ndani yake.
3. Watoto wasitumwe mtoni peke yao, wala wasiogelee.
4. Mtu asiingie mtoni alfajiri, jioni au usiku.
5. Mabaki ya samaki na nyama yasitupwe ukingoni, kwani huvuta mamba.
6. Mvuvi asisimame ndani ya maji akitega nyavu.

Mamba akionekana karibu na makazi, au akijeruhi mtu au mfugo, taarifa itolewe mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ataifikisha kwa Ofisa Wanyamapori. Kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa, na kifuta jasho kwa hasara ya mali. Hata hivyo, hakuna malipo yanayorudisha uhai. Kinga ndiyo msingi.