Ampli ipi ya lampu kwa sebene?

SWALI: Fundi, napiga gitaa la solo kwenye orkestra hapa Bengamisa. Kaka yangu aliye Ulaya anataka kuninunulia ampli ya lampu iliyoundwa kwa mkono, Matchless DC-30 au Two-Rock. Nimwambie ipi? Umeme wetu ni wa jenereta.

JIBU: Ndugu, DC-30 inafuata nyayo za Vox AC30 ya Uingereza: lampu nne za EL84, wati 30 hivi. Ukiongeza sauti, inaanza kukwaruza mapema. Kwa bluzi ni tamu. Kwa sebene, noti za mbio zinagongana. Two-Rock ni ya ukoo wa Fender na Dumble: sauti safi, kila noti inasikika peke yake.

Matchless ina sifa moja ninayoipenda: nyaya zake zimechomelewa moja kwa moja, hivyo fundi wa Kisangani ataifuatilia kwa macho. Ila asiiguse ovyo. Hata ikizimwa, kondensa hubaki na mamia ya volti.

Jenereta ikiyumba, lampu zinaumia. Mwambie kaka anunue Two-Rock ya volti 230, na pesa ikibaki, stabilaiza na lampu za akiba.