Ufito wa Milioni Tatu: Mafunzo Niliyopata Kati ya Ngumbo na Ruhuhu

Ufito wa kuvulia unaoshikwa kwa mikono miwili huwa na urefu wa mita 3.6 hadi 4.5, na ukitoka kwa watengenezaji wenye jina kama Sage, bei yake huvuka dola 1,000 kabla hujanunua rili wala mshipi. Mgeni wangu kutoka Uskoti alikuja nao Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, pamoja na mwingine wa bei ya chini. Akaniambia nichague mmoja, aniuzie kwa nusu bei. Nikamwomba kwanza nizijaribu zote mbili.

1. Tazama maji kabla ya bei

Ufito huu ni mtoto wa mito mipana ya Uskoti, Mto Spey ukiwa na sifa kuliko yote, ambako mvuvi wa samoni husimama miti ikiwa imemsonga mgongoni. Mwenye ufito mfupi hulazimika kuutupa mshipi nyuma ndipo uende mbele. Huu mrefu unaukunja mshipi kando yako juu ya maji, kisha unausukuma mita 25 au 30 bila kugusa tawi.

Sasa Ngumbo kuna miti gani ya kumsonga mtu? Nyuma ni mchanga, mbele ni mtumbwi. Ukitaka hizo mita 30, piga kasia kidogo, utazipata na zaidi. Mjomba wangu, aliyevua kwa mshipi wa mkono tangu ujana, aliuzunguka ule ufito akauliza, "Mpwa wangu, huu ni upondo au wa kuangulia maembe?"

2. Mwera hauulizi umenunua kwa shilingi ngapi

Upepo wa Mwera ukishika kasi, ukitazama Malawi unakupiga ubavu wa kushoto. Basi tupia bega la kulia. Ukijisahau ukatupia la kushoto, ndoana inakuja kukusalimia sikioni. Ufito wa gharama na wa bei nafuu hapo ni sawa.

3. Ruhuhu ni habari nyingine

Tukaenda kaskazini hadi mdomo wa Mto Ruhuhu, kati ya Lituhi na Manda. Huko ndiko mbasa hupandia mtoni msimu wa mvua kwenda kutaga. Mbasa ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye mbio, anayekula usipa, yaani dagaa wa ziwani, na ng'ambo huko Malawi hupanda vilevile mito kama Bua na Linthipe. Kingo za Ruhuhu zina matete na miti, na mto una mamba. Kuingia majini hadi magotini, kama wafanyavyo wazungu kwenye picha, ni kutafuta msiba.

Hapo ufito mrefu ulijieleza wenyewe. Nilisimama pakavu, mbali na ukingo, na ncha ikayavuka matete yote. Siri iko kwenye mkono wa chini: wa juu unaongoza tu, wa chini ndio unaovuta kitako cha ufito kuelekea tumboni. Ukilazimisha kwa mkono wa juu, mshipi unaanguka rundo miguuni pako. Chambo chetu kilikuwa manyoya meupe yaliyofungwa kwa uzi wa fedha, usipa mtupu kwa macho ya mbasa mwenye njaa.

Mmoja alishika. Alikuwa na mayai tele, tukamwachia. Mjomba alinyamaza kidogo. "Umemrudisha? Mboga hiyo, mwanangu!" Nikamwambia mjomba, huyu akitaga, wajukuu zako watakula. Sidhani kama nilimridhisha.

4. Tofauti ipo, ila mkononi

Nisiseme uongo: ule wa gharama ni mwepesi, na ncha yake hutulia upesi baada ya kurusha, ilhali ule mwingine huendelea kutetema. Baada ya saa moja mikono inakwambia. Lakini umbali ulikuwa karibu uleule. Kilicholeta mabadiliko makubwa ni mshipi. Uzito wake usipolingana na ufito, hata wa milioni tatu unashindwa na wa bei chee uliopata mshipi wake halali. Tulibadilishana mishipi makusudi, tukaona.

5. Uliza habari za kuvunjika

Kaboni haibaki imepinda kama mwanzi; ikizidiwa, inakatika. Dhamana ya mtengenezaji ni tamu kwa anayeishi jirani na duka. Mtu wa Ngumbo atatuma kipande kilichovunjika hadi ng'ambo, kisha asubiri huku msimu wa mbasa unapita. Zaidi ya hayo, kaboni hupitisha umeme. Radi ikianza kunguruma upande wa milima ya Livingstone, laza ufito chini uondoke, uwe wa bei yoyote.

6. Hesabu

Nilichukua ule wa bei ya chini, nikaongeza mshipi mzito wa akiba. Anayevua samoni kila wiki, mwaka baada ya mwaka, siwezi kumbishia akinunua wa gharama. Mikono yake inamdai. Mimi navua Ruhuhu kwa msimu tu, na hata kwa nusu bei, tofauti ya fito zile mbili ilitosha nauli ya Lituhi, leseni ya uvuvi, na nyavu mpya ambazo mjomba alikuwa ameshaanza kuziulizia.