Siku Moja Kivukoni na Kariakoo

Mtu atakaye kuutazama mji wa Dar es Salaam na aanze Kivukoni asubuhi, wakati mashua zirudipo na samaki. Hapo hunadiwa changu na pweza, na mwenye njaa hupata samaki wa kukaanga, angali wa moto. Chakula kizuri kuliko hicho sikijui mjini.

Akiisha kushiba, na aifuate pwani. Ataliona Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe zamani za Sultani Majid wa Unguja, ambaye katika miaka ya 1860 alianza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima. Akafa mwaka wa 1870, na kazi yake ikaachwa haijaisha. Mwaka wa 1891 Wadachi walihamishia serikali yao hapo kutoka Bagamoyo.

Kisha na aende hata penye sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka wa 1927. Wengi huitazama bunduki yenye singe iliyoelekea bandarini, wakapita. Lakini ukumbusho huo ni wa wapagazi pia, waliowachukulia Waingereza vyakula na risasi katika vita vya 1914 hata 1918. Maelfu walikufa, na maradhi yaliwaua wengi kuliko bunduki. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps. Kambi yao ilikuwa ng'ambo ya mji, na vinywa vya watu vikapaita Kariakoo.

Basi anunuaye nyanya sokoni huko huwataja wapagazi hao kila siku, wala hana habari. Jioni wauza kahawa hupita wakigonganisha vikombe, na kashata hutafunwa pamoja na kahawa hiyo chungu.